Tandiko la Ukutani Halina Kiu

Wiki iliyopita nimeletewa tandiko lingine la farasi. Mama wa Limuru alilinunua kwenye mnada wa shamba, akalitundika sebuleni pamoja na hatamu na viatu vinne vya farasi, na baada ya miezi michache likaanza kutoa unga mweupe. "Fundi, nimelipaka mafuta mara tatu na bado limekauka." Nikaligusa, vidole vikateleza. Nikainua bawa la kushoto, ile ngozi pana inayoning'inia ubavuni: chini yake mafuta yametuama kwenye mshono, yananuka karai la mandazi ya juzi. Mafuta ya kupikia.

Sijui nani alianzisha habari hii ya ngozi kuwa na kiu. Mwenye kiu alikuwa ng'ombe, na alishakufa.

Tandiko la kazini lina sababu ya kupakwa mafuta. Linalowa jasho la farasi, linanyeshewa, saisi, mtunza farasi, analisugua kwa sabuni kila jioni, na hayo yote huondoa mafuta aliyoyatia mtengeneza ngozi. Tandiko la ukutani linafanya nini? Linakaa. Mafuta yake hayaendi popote, na ukiongeza mengine unajaza debe lililojaa. Nyuzi za ngozi hulegea, uzi wa mshono huoza, vumbi hunata. Ya kupikia ndiyo mabaya zaidi, maana huchacha na kugeuka gundi.

Sasa huo unga mweupe, ambao ndio unaonikosesha usingizi. Mara nyingi uko wa aina mbili, na hakuna hata mmoja unaotokana na ukavu. Aina ya kwanza ni mafuta yenyewe: yakizidi ndani ya ngozi na nyumba ikawa ya baridi, sehemu yake nzito hupanda juu na kuganda. Limuru mwezi wa Julai ni mahali pake hasa. Mwenye nyumba anaona weupe, anasema imekauka, anapaka tena, na mwezi ujao weupe unarudi maradufu. Yaani dawa ndiyo ugonjwa! Aina ya pili ni ukungu, na huu ni wa Mombasa, Lamu na kila chumba kisichopitisha hewa. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 au 70 ukakaa hapo, ukungu unafurahi.

Kuvitofautisha hakuhitaji maabara. Chukua mashine ya kukaushia nywele, iweke kwenye joto la chini, pulizia kidogo. Ukiyeyuka na kupotea, ni mafuta. Futa kwa kitambaa kikavu uache. Usipoyeyuka, una manyoya manyoya na harufu ya kabati la nguo za msiba, ni ukungu. Toa kitu nje kivulini, kipate upepo, kisha piga brashi laini ukiwa umefunika pua. Ukikirudisha, usikibandike kwenye ukuta wa bafu.

Unga mwekundu ni habari nyingine kabisa. Ngozi kuukuu inayoacha vumbi la rangi ya matofali kwenye shati lako imeliwa na asidi. Ngozi nyingi za matandiko zilitengenezwa kwa magome ya miti, na tanini (dawa ya kulainishia ngozi mbichi isioze) ya miwati, miti iliyopandwa Eldoret na Njombe kwa ajili ya magome yake, ni ya kundi linaloshikwa upesi na ugonjwa huu, hasa hewa ikiwa na moshi wa salfa. Ukiipaka mafuta itakuwa nyeusi na ngumu, basi. Wahifadhi wa makumbusho hutumia Klucel G, aina ya gundi ya selulosi, iliyoyeyushwa kwenye spiriti kushikamanisha huo unga, lakini nguvu iliyopotea hairudi.

Mengine haraka. Tandiko usilining'inize kwenye msumari. Lilaze juu ya gogo la mviringo, kiunzi chake cha ndani kisipinde. Usiliweke juu ya mahali pa moto, hata kama ulimwona mtu kwenye gazeti amefanya hivyo. Dirisha lenye jua la mchana, hapana. Lijamu, chuma cha mdomoni mwa farasi, na vikuku, vya kukanyagia mpandaji, futa kutu, kausha. Kiatu cha farasi cha bahati, mdomo juu au chini? Muulize bibi yako.

Nami si msafi. Mwanzoni mwa kazi nililimwagia tandiko la mteja mafuta ya kwato za ng'ombe, likaacha doa lenye umbo lake kwenye ukuta wake mweupe, nikalipia rangi. Hadi leo mkanda mkavu wa kikuku naupaka kidogo kabla ya kuukunja. Unalainika, lakini siwezi kuapa kama kilichoulainisha ni mafuta au ni dole gumba langu lililoukanda nusu saa. Makumbusho mengi yaliacha kupaka zamani. Mimi chupa ingali rafuni.

Yule mama aliuliza, "Basi nipake nini?" Nikamwambia: kitambaa cha vumbi. Hakuridhika. Akasema vyovyote vile, mjukuu wake anakuja Desemba na atapanda farasi kwa tandiko hilo hilo. Nikainua bawa, nikashika mkanda mdogo unaobeba mshipi wa tumbo, nikauvuta kwa mkono mmoja. Ukabaki mkononi. Nikampa aushike.