Msimbo Haulindwi kwa Kutoguswa

"Programu inafanya kazi, iacheni." Anayesema hivyo huuona msimbo, yaani maelekezo yaliyoandikwa ya programu, kama jiwe: ukishauweka, umekaa. Kweli herufi zake hazibadiliki, lakini mazingira yake hayatulii. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikasambaratika baada ya sekunde kama 40. Sehemu ya programu yake ya kupima mwelekeo ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako haikusumbua mtu. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo. Namba ya kasi hiyo ikavuka 32,767, kubwa kuliko zote zinazoingia katika nafasi ya biti 16 iliyotengewa, na kompyuta ikajizima. Ya akiba ilikuwa imetangulia kuzimika kwa kosa hilohilo, maana ilibeba programu ileile. Kinachoudhi ni kwamba hesabu hiyo haikuwa na kazi yoyote tena Ariane 5 ikishaondoka ardhini. Iliachwa tu.

Hapo inaingia dhana ya pili, kwamba msimbo usiotumika hauna madhara. Kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliacha kutumia kipande fulani cha programu yake ya kuuza na kununua hisa mwaka 2003, ila haikukifuta. Agosti 1, 2012, swichi ya ndani ya programu iliyokuwa ya kipande hicho ilianza kazi mpya. Seva saba kati ya nane zilipata toleo jipya. Ya nane ilisahauliwa, nayo ikamwamsha mfu, kile kipande cha zamani. Katika dakika 45 hivi, zaidi ya dola milioni 440 zilikuwa zimepotea. Ni rahisi kumlaumu fundi aliyesahau seva, lakini mimi ningeanza na miaka tisa ya kuuhifadhi mzoga ndani ya nyumba.

Wengine hujifariji kwamba majaribio yao, yaani programu ndogo za kuujaribu msimbo, yanapita kwenye kila mstari. Kupita si kukagua: jaribio linaweza kuuendesha mstari bila kuangalia jibu lake.

Halafu kuna dhana tamu kuliko zote, hasa kwa aliyeajiriwa juzi: "Huu ni uchafu, tufute tuandike upya." Kampuni ya Netscape walifanya hivyo na kivinjari chao cha intaneti mwishoni mwa 1998. Toleo la 5 halikutoka kabisa. La 6 lilifika Novemba 2000, wakati Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, imeshalitawala soko. Mistari inayoonekana ya ajabu mara nyingi ni viraka vya hitilafu ambazo mteja fulani alizilalamikia zamani. Ukiifuta, hitilafu zinarudi, na aliyezijua ameshahama kazi.

Kwa hiyo karabati nyumba wenyewe wakiwa ndani. Kabla ya kuongeza kitu kipya, andika jaribio linaloshika tabia ya kipande unachokigusa jinsi kilivyo leo, hata kama ni ya kipuuzi. Ndipo ukigawe, ukipe majina yanayosomeka, na ufute kisichotumika popote. Historia ya mabadiliko inabaki kwenye Git, programu inayotunza matoleo ya zamani ya msimbo; ukikihitaji tena, utakikuta huko.