Kufuta vumbi kila asubuhi ndiko kunakoua mng'ao wa gari yako

Kama kuna sentensi nimechoka kuisikia kwa wateja ni hii: "Fundi, hii gari naitunza, kila asubuhi lazima niifute vumbi kabla sijatoka." Mtu anaisema kwa fahari kabisa, halafu hapohapo anauliza mbona rangi imefubaa wakati gari haina hata miaka mitatu. Jamani, jibu liko kwenye hiyohiyo sentensi.

Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na mchanga mwingi ni kwatzi, madini ambayo kwenye skeli ya ugumu ya Mohs yanakaa namba 7 wakati almasi ndio 10, yaani hata kioo yanakikwaruza. Sasa wewe unachukua tambara kavu, unazibana hizo chembe kati ya tambara na boneti, halafu unasugua kwa nguvu mpaka uone "imetakata". Hapo umepiga gari msasa, na kesho asubuhi unarudia tena, na keshokutwa, mwaka mzima.

Na unachokisugua ni kidogo mno. Rangi ya kiwandani kwenye magari mengi, ukijumlisha praima (rangi ya kwanza ya chini), rangi yenyewe na klia, lile tabaka la juu linaloona kama kioo, inafika kama maikroni 100 hadi 150 hivi, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Klia peke yake mara nyingi ni kama 35 hadi 50, wakati unywele wa kichwani unakaribia 70. Mng'ao unaoutaka na sehemu kubwa ya kinga dhidi ya jua viko kwenye hiyo klia.

Usiniamini mimi, angalia mwenyewe. Gari ikiwa safi, iweke kwenye kivuli au usubiri usiku, washa tochi ya simu uisogeze taratibu juu ya boneti. Utaona mistari myembamba imejipanga kwa mduara kuzunguka mwanga, ukihamisha tochi mduara nao unahama. Wengi wakiona hivyo wanamlaumu aliyeosha eti alizungusha mkono, wangempata anayeosha kwa mstari ulionyooka yasingetokea. Hapana. Mikwaruzo imeenda kila upande, ila jicho linaona ile tu iliyokatiza mwanga, ndio maana inaonekana kama duara hata kama mkono ulienda moja kwa moja. Mwanga uliotakiwa kudunda ukiwa umenyooka unatawanyika kwenye hiyo mistari, na huko kutawanyika ndiko unakokuita kufubaa. Gari jeupe nalo limekwaruzwa vilevile, rangi nyeupe inaficha tu.

Halafu kuna wanaonijibu "lakini mimi natumia kitambaa laini". Ulaini wa kitambaa haupunguzi ugumu wa mchanga. Dasta ya manyoya nayo ni ileile, inaburuta chembe kutoka mlangoni hadi boneti. Na yule anayelowesha tambara kwenye ndoo moja, anafuta gari zima, anakamua, anarudi kufuta, huyo anarudisha matope yaleyale kwenye rangi.

Kwahiyo ufanyeje? Liache vumbi, vumbi lililotulia tu halikwaruzi, kusugua ndio kunakwaruza. Siku ya kuosha, mwagia maji kwanza gari nzima, maji ya kutosha, mchanga utoke wenyewe kabla mkono haujagusa popote. Kisha ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea, unaosha kipande kimoja, unasuuza glavu, unarudi kwenye shampuu. Anza juu kwenye paa ushuke, sehemu za chini ya milango ndio chafu kuliko zote, ziache mwisho. Rimu zina brashi yake na ndoo yake, hilo sibishani na mtu, maana zimejaa unga wa breki na una vyuma ndani. Kukausha tumia taulo la maikrofaiba, lilaze linywe maji, usilisugue. Na kitambaa kikianguka chini, hata kwa sekunde moja, hakirudi kwenye rangi mpaka kifuliwe. Kufua maikrofaiba usitie ile dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi na zinaacha kushika maji.

Ukiwa na haraka na gari ina vumbi jepesi tu, kuna spreyi za kuoshea bila maji. Lowesha vizuri, subiri kidogo, pitisha maikrofaiba kwa upole upande mmoja, geuza upande safi, endelea. Matope usijaribu.

Haya madai mengine ninayoyasikia kwa wateja nayapitia haraka.

"Sabuni ya vyombo inatakatisha zaidi." Inatakatisha kweli, pamoja na kuondoa waksi uliyoilipia, ile nta ya kung'arisha na kukinga rangi, kwasababu imetengenezwa kukata mafuta. Ukiosha nayo mara moja rangi haifi, shida ni kuifanya ndio kawaida yako. Sabuni ya unga ndio sitaki hata kuiona karibu na gari, kali na chembe zake hazijayeyuka vizuri. Shampuu ya gari kazi yake nusu ni kuteleza, ule utelezi ndio unaifanya glavu ipite bila kukwaruza.

"Nipakie waksi mikwaruzo itoke." Waksi haitoi mkwaruzo wowote, inaujaza na kuuficha, ikiisha unarudi palepale. Kinachotoa ni polishi au kompaundi, na inatoa kwa kula klia mpaka usawa wa mkwaruzo. Ndio maana mtu anayebafu gari yake, yaani kuisugua kwa polishi, kila miezi miwili "ing'ae" namwambia aache kabisa, klia iliyoliwa hairudi, na siku ikianza kubanduka dawa yake ni kupulizia rangi upya. Mkwaruzo ukishika ukucha ukiupitisha juu yake, kwa kawaida ni wa kina mno, polishi haitoshi.

"Nikipaka nyingi itadumu." Inayobaki kwenye rangi ni tabaka jembamba tu, nyingine yote unaifuta na taulo, umepoteza waksi na umejipa kazi ya kuondoa madoa meupe kwenye pembe za plastiki. Paka nyembamba, kivulini, bodi ikiwa ya baridi.

Waksi ya karnauba, ile inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, inapendeza sana ila inadumu wiki kadhaa, ikijitahidi miezi miwili mitatu. Silanti, yaani kinga za kupaka za kutengenezwa kiwandani badala ya nta ya mti, zinaweza kufika miezi minne mpaka sita. Aliyekuahidi mwaka mzima kwa waksi ya kawaida kakudanganya. Na kabla ya kupaka yoyote, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi upapase bodi iliyooshwa. Ukisikia vinundu, hivyo ni uchafu ulionasa kwenye klia, utolewe kwanza kwa klei (udongo maalum wa kunasa uchafu) na maji ya shampuu, la sivyo unaufungia ndani.

"Gari mpya haihitaji waksi" na "nimeweka seramiki sioshi tena" yote ni makosa yaleyale. Jua halijali gari imetoka kiwandani lini, na seramiki, ile kinga ngumu inayopakwa juu ya klia, inafanya uchafu utoke kirahisi, haiuzuii kukaa.

La mwisho, kinyesi cha ndege, "nitaosha Jumamosi". Usisubiri Jumamosi. Jua likiwaka klia inapata moto, inalainika na kutanuka, kinyesi kinakauka juu yake, jioni klia inapoa na kusinyaa ikiwa imeshakishika, linabaki doa lenye umbo lake ambalo kuosha hakulitoi. Lowesha tishu, ilaze juu yake dakika kadhaa mpaka kilainike, kisha kinyanyue chote kwa pamoja bila kusugua, kwasababu ndani yake kuna mbegu na mchanga.