Kutetemeka si pepo anayetoka

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kadutu alifika kwangu juu ya pikipiki, kijana wake katikati, amefungwa kitenge kiunoni ili asianguke. Walikuwa wametoka katika chumba cha maombi, siku ya tatu ya kufunga kavu. Kijana alikuwa amejiuma ulimi, damu imekauka kwenye kola ya shati. Mama akaniambia kwa furaha: "Muganga, pepo ametoka! Jana usiku alimwangusha chini mara mbili."

Nimesikia maneno hayo mara nyingi mno. Mimi ni muuguzi, na jioni naketi na kikundi cha wanaoacha pombe katika kanisa letu hapa Bukavu. Naomba pamoja nao. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba napinga maombi.

Lile halikuwa pepo. Ilikuwa degedege ya ubongo ulionyimwa pombe ghafla. Kijana alikuwa amekunywa kanyanga kila siku kwa miaka sita. Mwangalie mama anayepandisha gunia Kadutu, kamba kwenye paji la uso: anainama mbele ili ashindane na uzito. Kata kamba ghafla, ataanguka kifudifudi. Pombe huulemea ubongo, ubongo nao huinama mbele kwa miaka. Ukiiondoa kwa siku moja, mtu anaanguka hivyo hivyo.

Na saa zake zinajulikana. Kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho anaanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika, kukosa usingizi. Degedege, ikija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za kwanza. Siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa: wanaona wadudu ukutani, wanaongea na watu wasiokuwapo, homa inapanda, moyo unakwenda mbio. Hapo ndipo waombaji wanapoongeza sauti na kumshika mikono na miguu. Hapo hapo ndipo mtu anapoweza kufa, naye hajanywa hata tone la maji tangu juzi.

Si kila mnywaji yuko katika hatari hiyo. Mimi namuuliza jambo moja: asubuhi, kabla ya chai, unahitaji kunywa ili mikono itulie? Kisha namwambia anyooshe mikono, naweka karatasi juu ya vidole vyake. Karatasi ikitetemeka, huyo asikatize pombe peke yake nyumbani, wala katika chumba cha maombi. Anahitaji diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa siku hadi siku chini ya macho ya daktari, maji, chakula, na vitamini B1, tena B1 kabla ya serumu (dripu) ya sukari. Hapa Bukavu tuna Sosame, hospitali ya magonjwa ya akili. Pasta na aje amwombee pale kitandani, mlango uko wazi.

Wengine wananiambia kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani. Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wawili wa Alcoholics Anonymous, chama cha wanaoacha pombe, mwaka 1935, alisimulia kwamba Mungu alimgusa akiwa amelazwa hospitalini New York, Desemba 1934. Mwenzake alikuwa daktari mpasuaji. Na Luka aliyeandika Injili, Paulo anamwita tabibu.

Kuhusu kasiksi, ile ya ndizi, nitasema kidogo tu: ni pombe. Mwili hauulizi kama imetoka kiwandani au kwa shangazi.

"Mwozesheni, ataacha." Wazazi, nawasihi. Nimeketi na hao mabibi harusi baada ya mwaka mmoja, mtoto mgongoni, sufuria zimeuzwa. Msimpe binti wa watu kazi iliyowashinda ninyi.

"Amerudia kunywa, basi hakuokoka." Kurudia ni jambo la kawaida, hasa miezi ya kwanza. Ukimfukuza, unampeleka kwa wale wanaomkaribisha kwa glasi. Mimi namuuliza: ilikuwa saa ngapi, na nani, ulikuwa na pesa ngapi mfukoni? Karibu kila mara jibu ni siku ya malipo. Ndiyo maana nashikilia kwamba mshahara upite kwa mke au dada kupitia simu, na sehemu iingie likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, siku hiyo hiyo.

Na enyi wachungaji, msimpandishe madhabahuni kutoa ushuhuda baada ya wiki tatu. Kanisa zima linapiga vigelegele, kisha siku akiteleza anaona haya kurudi, na tunampoteza. Mpeni kazi yenye saa yake kwanza.

Kijana wa pikipiki alilazwa siku nane. Sasa ndiye anayefungua mlango wa kanisa saa kumi na mbili asubuhi na kupanga viti. Ufunguo wa sanduku la sadaka bado uko kwa mzee mwingine, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo.