Je, wajua kwa nini mmea mpya huua kamba wa tangini na kuwaacha samaki wazima?

Tangi lina samaki kumi na kamba wadogo wekundu wapatao thelathini. Mmea mpya unapandwa Jumamosi jioni baada ya kusuuzwa vizuri kwenye bomba. Jumapili mchana kamba wanaogelea ovyo wakijigonga kwenye kioo, wengine wamelala chali miguu ikitetemeka. Samaki hawana habari, na vipimo vya amonia na naitraiti, sumu za kawaida za uchafu wa tangi, vinasoma sifuri. Jumatatu mwenye tangi anaokota maiti.

Aliyewaua aliingia na mmea, na mara nyingi ni dawa ya wadudu. Kamba huathirika kuliko samaki kwa sababu ya ukoo wake. Kamba na wadudu ni ndugu wa karibu: wote wana gamba la nje, miguu yenye viungo na mishipa ya fahamu iliyojengwa kwa mpango unaofanana. Dawa iliyotengenezwa kumuua kidukari kwenye nyanya haina namna ya kumtofautisha kidukari na kamba. Imidakloprid, kwa mfano, hunata kwenye vipokezi vya neva za wadudu na kuziacha zikirusha ishara bila kukoma. Vipokezi vya samaki ni vya umbo tofauti kidogo na dawa hiyo haivishiki kwa nguvu ile, kwa hiyo kiasi kinachomaliza kamba wote kinaweza kupita bila samaki hata kupoteza hamu ya kula.

Halafu kuna namna kamba anavyokula. Mtazame kwa karibu akiwa juu ya jani: miguu yake ya mbele ina vikucha vyenye vishungi vya vinyweleo, navyo hufagia uso wa jani mfululizo na kupeleka mdomoni kila kinachonasa, yaani utando laini wa vijidudu na mwani. Samaki hupita kando ya jani. Kamba hulilamba kutwa, na kilichopuliziwa juu yake anakimeza.

Dawa hiyo ilifikaje kwenye mmea wa majini? Mimea mingi inayouzwa kwa ajili ya matangi haikukuzwa ndani ya maji. Anubias, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, Cryptocoryne za Asia na Echinodorus za Amerika hukuzwa kwenye vitalu nyumba, mizizi ikiwa kwenye unyevu na majani yakiwa hewani. Hivyo hukua haraka na hazipati mwani. Lakini jani lililo hewani hushambuliwa na vidukari, inzi weupe na utitiri kama jani jingine lolote, na mkulima hupuliza. Tena mmea unaovuka mpaka huhitaji cheti cha afya ya mimea, na shehena ikikutwa na wadudu yaweza kuzuiwa au kuteketezwa, kwa hiyo muuzaji ana kila sababu ya kupuliza kabla ya kufungasha. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku imidakloprid na dawa mbili za jamii yake mashambani ili kuwalinda nyuki, vitalu nyumba vya kudumu vilisamehewa wakati huo.

Hapa ndipo kusuuza kunaposhindwa. Dawa za jamii ya pareto hukaa zaidi juu ya jani, na maji yanaweza kuondoa sehemu yake. Imidakloprid na wenzake huingia ndani: hunyonywa na mizizi, hupanda na utomvu hadi kila ncha ya jani, na mmea ukishazamishwa hutoka kidogokidogo kwa siku nyingi. Ndiyo maana vifo vingine huanza siku ya tatu au ya tano, mtu akiwa ameshaacha kuushuku mmea. Sumu ya namna hii huondolewa na muda na maji mengi safi, na hakuna njia ya mkato.

Kuna shaba pia. Kamba anaihitaji kwa kiasi kidogo sana, maana damu yake hubeba hewa kwa kutumia hemosaianini, ambayo kiini chake ni shaba. Ikizidi majini huharibu matamvua yake. Huja kupitia mrututu na dawa za ukungu zenye shaba, zile zinazopigwa kwenye kahawa na nyanya, na kupitia dawa ambazo baadhi ya wauzaji huchovyea mimea ili kuua konokono. Mbolea ya maji ya tangini nayo ina shaba, lakini ni chembe tu. Ukifuata kipimo cha lebo haitakuletea matatizo. Ya kuogopa ni dawa za kutibu samaki na za kuua konokono. Soma lebo ya dawa hizo, na ukiona neno shaba, isikaribie tangi la kamba.

Kabla ya jambo lolote, muulize muuzaji mmea umekuzwa wapi na umepuliziwa nini. Akisita, chukulia kwamba umepuliziwa. Ulio salama kuliko yote ni mche wa tishu, uliokuzwa maabara ndani ya kikopo kilichofungwa, kwa mbinu ileile inayotoa miche ya migomba ya tishu. Haujapata kuona mdudu wala dawa. Kazi yake ni kuosha jeli uliyokuzwa ndani yake, iliyoshika kwenye mizizi, mpaka iishe, kwa sababu ina sukari ambayo ikiingia tangini hulisha bakteria na kuchafua maji. Ni mdogo na ni dhaifu mwanzoni, lakini kwa tangi la kamba wa bei unafaa kila senti.

Mmea wa kawaida ukifika nyumbani, uvue kila ulichokuja nacho. Toa kikapu, kisha chambua sufu ya mawe (nyuzi zinazoshika mizizi badala ya udongo) kwenye mizizi kwa kibano au kijiti cha meno ndani ya bakuli la maji, kwani sufu hiyo hunywa mbolea na dawa kama sponji. Ukikutana na vipira vidogo vya njano au kahawia, hivyo ni mbolea ya kuyeyuka taratibu. Kimoja kikipasuka tangini hutoa amonia, kwa hiyo ondoa vyote. Fungua pia kile kipande cha madini laini kinachofunga mashina, kata majani yaliyozeeka au kuoza, punguza mizizi ibaki sentimeta 3 hadi 5, kisha suuza dakika mbili tatu kwenye maji yanayotiririka, ukisugua chini ya kila jani kwa kidole.

Baada ya hapo ni karantini, na hiyo ndiyo inayookoa kamba. Chukua ndoo safi ya lita 10 hadi 20 ambayo haijawahi kuwekwa sabuni wala dawa, weka mmea ndani ya maji yasiyo na klorini, na uipe mwanga saa 8 hadi 10 kwa siku. Wiki ya kwanza mwaga maji yote kila siku na ujaze mapya. Kuanzia wiki ya pili, badilisha kila baada ya siku mbili au tatu. Jua la asubuhi lina faida ya ziada, kwani miale yake huvunja imidakloprid iliyokwisha kutoka majini. Ila usiache maji yachemke mchana. Isipokuwa wiki ya mwisho ya majaribio, itakayoelezwa chini, usiruhusu maji yakae wiki nzima bila kumwagwa, la sivyo utafuga mbu.

Mimea ya mashina inayokua haraka huhitaji wiki 2 hadi 3. Anubias na wengine wa mwendo wa pole wape wiki 4 au zaidi. Dalili ya kutazama ni majani mapya. Jani lililoota ndani ya ndoo limejengwa kwa maji safi, na kadiri yanavyoongezeka unakata yale ya kitaluni. Yangeoza yenyewe hata hivyo, maana jani la hewani mara nyingi huyeyuka likizamishwa, na ni heri lioze kwenye ndoo kuliko kwenye tangi ambako uozo huo ungepandisha amonia.

Wiki ya mwisho weka kamba watatu ndani ya ndoo pamoja na chujio dogo la sponji lililokwisha kukaa tangini, na uache kubadilisha maji siku hizo ili kama kuna sumu ijikusanye na kuonekana. Ni kipimo kigumu kwa hao watatu, lakini hakuna kipimo cha dukani kitakachokuambia kuhusu dawa za wadudu. Wakila, wakitembea na kujivua gamba kama kawaida kwa siku 7, mmea uko tayari. Wapo wanaojaribu kwa viluwiluwi vya mbu. Usifanye hivyo Afrika Mashariki: mbu wengi wa kwetu wameshajenga usugu dhidi ya dawa za jamii ya pareto, hivyo viluwiluwi vinaweza kucheza kwa raha kwenye maji yatakayomuua kamba.

Kuchovya kwenye jiki au shabu ni suala jingine kabisa, na wengi huyachanganya. Jiki huua konokono, mwani na minyoo bapa, lakini haiondoi sumu iliyo ndani ya jani. Ukihitaji kuua wageni hao, tumia jiki isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5 hivi, mililita 60 kwa lita 1 ya maji. Majani magumu kama ya Anubias yakae dakika 2, mashina laini dakika 1, na mosi (moss, yaani kuvumwani) usiziguse kwa jiki. Suuza, kisha loweka kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini mara tatu ya kipimo cha kawaida mpaka harufu iishe. Usichanganye jiki na siki wala kisafishio kingine, hutoa gesi ya sumu. Mosi na mimea dhaifu hustahimili shabu, lile jiwe jeupe la kutakasia maji: kijiko kikubwa 1 cha unga wake kwa lita 4, siku 2, kisha suuza sana.

Kereng'ende ni mgeni mgumu zaidi. Baadhi yao hutaga ndani ya shina lenyewe, ambako jiki haifiki. Mtoto wake huishi majini, hujificha kati ya majani na kurusha taya lake la chini mbele ghafla kumkamata kamba, mmoja baada ya mwingine, mwenye tangi asijue idadi inapungua kwa nini. Kwenye joto letu mayai mengi huanguliwa ndani ya wiki mbili tatu, kwa hiyo karantini ya wiki 4 humfichua angali ndooni.

Mimea ya kuokota ziwani, mtoni au kwenye mfereji wa shamba tungeshauri uiache. Gugumaji hufyonza metali nzito kutoka maji machafu, mfereji hubeba dawa za juu ya mlima, na kwenye maji yaliyotuama kuna konokono wa jamii za Biomphalaria na Bulinus wanaobeba kichocho. Hao hawahatarishi kamba. Wanahatarisha mkono wako unaoingia tangini.

Na sumu huweza kuingia bila mmea wowote. Pareto inalimwa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania na katika Bonde la Ufa la Kenya, nchi iliyowahi kuongoza duniani kwa zao hilo, na nakala zake za viwandani zimo kwenye dawa za kopo za kuulia mbu na kwenye vyandarua vyenye dawa. Usikate chandarua cha zamani kufunikia tangi au kuvulia kamba. Ukipuliza chumba, zima pampu ya hewa kwanza, kwani huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma moja kwa moja majini. Funika tangi na uache madirisha wazi saa 2 au 3 kabla ya kuiwasha. Mwarobaini nao usikudanganye kwa kuwa ni wa asili. Kiini chake huwavuruga wadudu wakati wa kujivua gamba, na kamba hutumia homoni za aina hiyohiyo kujivua lake.

Kama mmea umeshaingia na kamba wameanza kutapatapa, utoe mara moja, wote na mizizi. Hamishia kamba kwenye chombo chenye maji yasiyo na klorini, ya joto na ugumu uleule, pamoja na chujio kutoka tangi jingine lisilopata mmea huo. Huna chombo? Badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji ya tangi, rudisha mapya polepole kwa mpira mwembamba yadondoke kwa saa kadhaa, na rudia kesho. Mabadiliko ya ghafla humlazimisha kamba kujivua kabla ya wakati, naye hufa katikati ya gamba lake, ukimkuta na pete nyeupe nyuma ya kichwa. Weka mkaa amilifu, ule uliotengenezwa maalumu kufyonza sumu, kwenye chujio na uubadilishe baada ya wiki. Mkaa wa jikoni haufai kwa kazi hii. Mizizi na udongo wa chini huweza kushika sumu, hivyo nyonya uchafu wa chini kila unapobadilisha maji, na usirudishe kundi mpaka kamba wawili au watatu wamekaa humo wiki nzima wakila na kujivua bila shida.