Tamuzi sio mwezi wa mpenyo jamani

Nafundisha Agano la Kale chuo cha Biblia, na kila mwaka ikikaribia Julai lazima mtu aniletee simu nimsomee meseji ileile ya Tamuzi, mwezi wa nne wa Kiyahudi. Safari hii ni mama mmoja wa darasa la jioni. "Tumeingia mwezi wa Tamuzi, mwezi wa macho ya rohoni, panda mbegu yako kabla mlango haujafungwa." Hela, yaani hiyo mbegu, alishatuma, alichotaka kujua ni kitu kimoja tu, "Mwalimu, nimechelewa?"

Hii ya kwamba Mungu aliupa kila mwezi wa Kiyahudi jina lake na baraka yake ndo inanichosha kuliko zote. Hebu fungua Ezekieli 8:14 uone Tamuzi ni nani. Ni mungu wa Babeli, wanawake wamekaa kwenye lango la hekalu wanamlilia, na Mungu anamwonyesha nabii kwamba hayo ni machukizo. Kwenye Biblia hulikuti popote likiwa jina la mwezi, imeandikwa "mwezi wa nne" basi. Torati inahesabu tu, wa kwanza, wa pili, ukiacha Abibu, yaani masuke machanga. Haya majina ya kina Nisani, Kisleu na Adari Wayahudi walirudi nayo kutoka uhamishoni Babeli, na marabi, walimu wao wa dini, hawafichi, wameliandika wazi kwenye Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo wa mafundisho yao, ndo maana unayakuta kwa Nehemia, Esta na Zekaria lakini kwa Musa hayapo.

Halafu angalia Myahudi mwenyewe anafanya nini Tamuzi. Anafunga! Tarehe 17 hali wala hanywi toka alfajiri mpaka nyota zitoke, anakumbuka kuta za Yerusalemu zilivyobomolewa, na hapo zinaanza wiki tatu za maombolezo, wengi hawaozeshi wala hawanyoi nywele, mpaka tarehe 9 ya mwezi wa Avu, siku ya kulilia hekalu lililoangushwa mara mbili, la pili na Warumi mwaka 70. Wenyewe wako msibani, sisi huku tunatangaza mpenyo. Hayo ya "macho" yanatokana na mapokeo ya mafumbo, kitabu kinaitwa Sefer Yetzirah, kinaupangia kila mwezi herufi yake na buruji yake, yaani kundi la nyota, mambo ya kutafakari, yana heshima yake kwa wenyewe, ila sadaka ya kufungua mlango haimo.

Wengine wanasema Nisani ni Aprili. Hapana, miezi yao inafuata mwandamo, siku 29 au 30, watu wa pwani hili wanalielewa haraka. Tofauti ni kwamba Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka mpaka inazunguka misimu yote, ila Pasaka, ambayo iko Nisani, lazima iangukie majira ya machipuko, kwa hiyo wanaongeza mwezi mzima, Adari ya pili, mara 7 kila miaka 19.

Na ule ubishi wa mwaka wao mpya unaanza lini, Nisani au Tishri? Vyote. Kutoka 12:2 inafanya Nisani mwezi wa kwanza, namba ya mwaka inabadilika tarehe 1 Tishri, mwezi wa saba, na Mishna, mkusanyo wa sheria zao za mapokeo, inataja mianzo minne ya mwaka, hadi wa miti upo.

Ukitaka mwezi wa kukujenga kiroho chukua Eluli, mwezi wa sita, kabla ya Tishri, nawaambia wanafunzi kila mwaka. Asubuhi baada ya sala inapigwa pembe ya kondoo dume, kila siku isipokuwa Sabato na siku ya mwisho ya mwezi, na watu wanatafutana kuombana msamaha, kwa sababu Mishna inasema Siku ya Upatanisho, inayofuata Tishri, haifuti kosa ulilomtendea mwenzio mpaka umemridhisha.

Yule mama nilimwambia hujachelewa kitu, mbegu nyingine usitume. Ila ana wifi yake hawasalimiani toka msiba wa mwaka juzi, alinisimulia mwenyewe akiwa ameshika ile simu, na namba anayo. Nikamwambia mpigie, usisubiri hata hiyo Eluli.