Skii pana si dawa ya kila theluji
Wengi wanaotoka Dar kwenda kuteleza kwenye theluji ya milima ya Alpi, Ulaya, huambiwa wakodi skii pana (skii ni kibao kirefu kinachofungwa chini ya kiatu cha kutelezea), eti inafaa kila theluji. Si kweli. Upana unaopimwa ni wa katikati, chini ya kiatu. Milimita 100 na zaidi hubeba vizuri kwenye theluji laini yenye kina, kama ubao unaowekwa chini ya tairi lililokwama mchangani Kigamboni. Lakini asubuhi, njia ikiwa imeganda, skii hiyo huchelewa kulala ubavu unapokata kona, ukingo wake wa chuma haung'ati sawasawa, na goti ndilo linaloelemewa. Kwa theluji mchanganyiko chukua milimita 85 hadi 95, urefu kati ya kidevu na paji la uso. Na kagua ukingo kabla ya kulipa: ukiwa butu, utateleza kombo.