"Hamna kitabu" haina maana hapajaandikwa kitu

Juzi kijana wa chuo kaja kaunta yangu ya maktaba, kaniamkia vizuri, kisha akatangaza: "Mama, historia ya Wasegeju haijaandikwa. Nimetafuta, hamna." Wa nne huyo mwezi huu, kila mmoja na kabila lake. Tanga hii!

Nikamuuliza katafuta wapi. Kwenye katalogi. Sasa jamani, katalogi hutaja jina la jarida tu. Makala zilizomo ndani haizitaji. Za ndani zimo kwenye faharasa, yaani orodha ya makala za jarida. Tukafungua faharasa ya Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza 1936, na haikuchukua dakika kumi: toleo la 27, mwaka 1949, makala ya E. C. Baker juu ya historia ya Wasegeju. Kijana akabaki kucheka peke yake.

Mtego mwingine ni majina. Baada ya Muungano jarida hilohilo likaitwa Tanzania Notes and Records, kwa hiyo tafuta kotekote. Na wanaoandika kwa Kiingereza mara nyingi huangusha "Wa-": jaribu Segeju, Digo, Bondei. Wasambaa utawakuta wameandikwa hata Shambala.

Akapiga picha kurasa zote kwa simu, akaaga. Nikamwita arudi. Jalada je? Ukurasa usio na jina la jarida, namba ya toleo na mwaka ni yatima. Siku ya kuandika marejeo utapanda tena daladala kuja kuniuliza. Piga jalada kwanza, kila mara.

Wengine huniambia: "Makala ya 1949 imepitwa na wakati." Ingekuwa ya tiba ya malaria, sawa. Ila aliyeandika historia mwaka ule aliwakuta wazee ambao wewe huwapati tena. Msome kwa tahadhari tu, maana wengi wa waandishi wa jarida lile walikuwa maofisa wa kikoloni, na inaonekana.

Wengine tena: "Mambo Leo nalo ni jarida la kitaaluma." Hapana. Lilikuwa gazeti la serikali, tangu 1923. Linafaa sana kama ushahidi wa zama zake, mashairi na barua za wasomaji zimo, lakini hakuna jopo la wataalamu lililozipitia.

Na wanaonukuu makala baada ya kusoma ikisiri, ule muhtasari wa mwanzoni, peke yake, nawajua kwa macho.

Faharasa ziko meza ya dirishani. Penseli tu, kalamu ya wino iache mkobani.